Kijiji Ulichokipanga kwa Makopo ya Maziwa

Hindawiya, Jeddah, baada ya sala ya alasiri

Nassor mwanangu,

Salamu zako zisubiri, maana tumeamkiana asubuhi na chai umeimaliza mbele yangu. Afya yangu unaijua, na magoti yangu unayajua. Habari za koti, soksi za sufi na dawa ya tumbo nimemwachia ami yako Seif, ambaye sasa hivi yuko nawe sokoni Bab Makka akikununulia vitu ambavyo hutavivaa. Mimi nina jambo jingine, na nataka liandikwe kabla hamjarudi.

Anayeandika ni Bi Rukia. Mimi bibi yako kalamu sijapata kuishika isipokuwa kuiokota chini. Nimemwambia aandike kila nitakalosema, asinipambe, asinitengenezee. Amenitazama juu ya miwani, akaniuliza, "Hata matusi?" Nimemwambia hata matusi, yakija.

Juzi tulipokuwa tunakula, ulimwambia ami yako maneno ambayo hukujua yananifika. Ulisema, "Nikifika nitamuuliza swali moja tu. Miaka yote hiyo hukuniita hata siku moja, kwa nini? Akishanijibu nachukua begi langu." Seif akakwambia, "Basi tiketi ya kurudi ikate papo hapo stesheni, usipoteze muda." Mkacheka. Mie nikainuka nikaenda jikoni kufunua chungu ambacho nilijua hakina kitu.

Barua hii ni jibu la swali lile. Usimuulize baba yako. Yeye hana jibu, ninalo mimi.

Lakini nianzie kwenye kijiji, kwa sababu ndicho nilichojifichia.

Unakumbuka ile nyumba ya Murabba, kule Riyadh, tulipokuwa tunakaa chumba cha nyuma mimi, wewe na Rukia? Mimi nikimpikia madam, Rukia akimshonea, na wewe kutwa uko paani. Huko juu ulipanga kijiji kizima kwa makopo matupu ya maziwa. Madam alipanda siku moja kuanua nguo akauliza, "Umm Salum, haya makopo vipi?" Nikamwambia, huu ni mji wa mwanangu, asisukume kopo hata moja. Akacheka, akazunguka pembeni. Yule mwanamke alikuwa mkali wa chumvi na sabuni lakini kijiji chako alikiheshimu.

Nitakisema tena, unisahihishe moyoni nikikosea. Kijiji anachokaa baba yako kinaitwa Vrbnice, jina ambalo sijawahi kulimaliza bila kukohoa. Kiko bondeni, vilima viwili vinakitazama, kimoja cha misonobari na kimoja cha mashamba. Kijito kinaingia upande wa jua linakochomoza, kinapita chini ya daraja la mawe, kinatokea kwenye bwawa katikati ya kijiji. Bwawa lile si la kuoga. Kila mwaka baridi ikikaribia wanalifungulia maji yote yatoke, wanaume wanaingia topeni na viatu virefu kuokota samaki. Ng'ambo ya bwawa kuna kanisa, mnara wake una kichwa kama kitunguu. Kengele yake kubwa ilichukuliwa wakati wa vita ikayeyushwa kutengenezwa mizinga. Wakanunua nyingine, ikaja vita ya pili, nayo ikachukuliwa. Mbele ya kanisa kuna mti mkubwa ambao waliupanda siku walipoanza kujitawala, na chini yake hakai mzee yeyote akitoa mawaidha, wanaegesha baiskeli. Upande wa magharibi kuna kiwanda cha sukari, sukari wanayokamua kwenye mizizi kama viazi, jambo ambalo mpaka leo nasema baba yako Salum alinitania.

Na nyumba zao hazihesabiwi kwa njia. Hesabu yao inafuata umri. Nyumba iliyojengwa mwanzo ndiyo namba moja, hata kama iko mwisho wa kijiji, na ya pili yake inaweza kuwa kule juu mlimani. Ukitafuta namba kumi na saba usiangalie jirani wa kumi na sita. Ipite njia ya daraja, yapite mageti mawili, nyumba yenye mlango wa kijani na pampu ya maji uani. Hiyo ndiyo ya baba yako.

Utasema, bibi huyu hajatoka Hindawiya, kajuaje mpaka pampu. Nimejua kwa sababu nilisomewa barua zake mara mia. Hapa tunapokaa, mwanangu, hakuna alama inayodumu. Tulipohamia Jeddah nilikufundisha kurudi nyumbani kwa ile nyumba ya roshani za kijani, ukiiona kata kushoto. Wiki ya tatu wakaja na tingatinga, roshani zikalala barabarani, na wewe ukapotea mpaka magharibi. Nikabadilisha, nikakwambia kata penye duka la redio. Likabomolewa duka la redio. Kila mtu anajenga, kila mtu ana haraka, saruji inashushwa bandarini mchana na usiku, na mahali ulipopajua Jumamosi, Alhamisi ni shimo. Unguja yenyewe nilishaiacha, na nyumba yangu wanakaa watu nisiowajua. Kijiji cha Salum kilikuwa ndiyo mahali pekee duniani panaponingoja pakiwa vilevile. Nilikuwa nikikitembea kichwani nikisubiri wali uive.

Sasa sikiliza.

Baba yako alipopata nafasi ya kwenda kusoma mashine huko, mama yako alikuwa ameshafariki, na wewe ulikuwa mikononi mwangu hata meno huna. Tukakubaliana akimaliza atarudi. Baadaye sisi tukaondoka Unguja, unajua tulivyokimbia, na hakukuwa tena na pa kurudi. Kuja huku hakuweza. Hakuwa na kafili wa kumdhamini, ikama ya kuishi huku angeipata wapi, na paspoti yake ilikuwa ya kule kusikopendwa huku. Akapata kazi kwenye kile kiwanda. Barua zake zilipitia Mombasa kwa binamu yake, maana posta za nchi hizi mbili hazisalimiani. Zikifika, Rukia anazisoma kwa sauti, nami nasikiliza huku nachambua mchele.

Barua ya kwanza kutoka kijijini ilikuwa ya vilima na bwawa. Nikafurahi. Ya pili ilianza vilevile, daraja, kanisa, kisha Rukia akasoma hivi: "Mama, nimeoa. Anaitwa Bozena, ni mwalimu wa shule ya hapa. Tumetengeneza kitanda cha Nassor karibu na dirisha. Mleteni, au niambieni nije nimpokee wapi."

Nikasema, "Rukia, ruka hapo."

"Niruke wapi? Ndiyo barua yenyewe."

"Ruka watu. Nisomee mahali."

Akageuza karatasi, akaendelea na habari za samaki wa bwawani. Na toka siku ile, Nassor, kila barua iliyokuja nilisomewa mahali, watu wakarukwa. Ndiyo maana nakijua kijiji kile kuliko wanaokikaa, na sijui mwanamke anayevuta ile pampu ana sura gani.

Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi, na Rukia ametua kalamu, anataka nilipunguze. Silipunguzi. Siku ileile nilimwambia aandike jibu. Jibu lilisema: "Mtoto tumemuuliza. Anasema hataki kuja." Ulikuwa na miaka saba. Hakuna aliyekuuliza. Ulikuwa paani unapanga makopo.

Basi ndiyo hivyo. Baba yako alikuita. Alikuita kabla hujang'oka meno ya mbele, akaendelea kukuita, kila barua, kila mwaka, na kila barua anauliza kama umebadili nia. Anaamini wewe ndiye uliyemkataa. Ndiyo sababu ulipomwandikia mwenyewe mwaka jana kwamba unataka kwenda, alikujibu kwa maneno manne, "Njoo. Nitakuwa hapo stesheni." Ukanionyesha ile karatasi ukasema, "Maneno manne, bibi. Kama anamjibu muuza mkaa." Ule haukuwa ubaridi. Ni mtu aliyeogopa kuandika neno la tano ukaghairi.

Kesho unapanda ndege, mnaenda kukutana wanaume wawili, kila mmoja anadhani mwenzake hamtaki, na aliyewasimamisha hivyo ni mimi.

Sitakwambia sikujua nifanyalo. Nilijua. Siku ulipoanza kusoma vibao vya maduka, wewe uko mgongoni kwa Seif unapiga kelele "bakala, bakala" kila tunapopita duka la vyakula, watu wote wanakusifu, mie kesho yake nilinunua kufuli la sanduku la barua. Bibi wa watu wengine angenunua halua.

Na unakumbuka ulipokuwa ukinishika kanga, tuko juu na yale makopo? "Bibi, baba anakaa kopo lipi?" Nikakuonyesha. "Ndani mna nani?" Nikasema mna baba yako. "Ananitaja?" Nikakwambia, "Ametaja bwawa. Mwaka huu samaki wengi." Ukaliangalia kopo lile muda mrefu, kisha ukaligeuza mlango utazame ukuta. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nikashuka kuendelea na mapishi ya madam kama sikuona.

Kwa nini? Niliogopa, basi. Nyumba ilikuwa imekwenda, babu yako nimemwacha kaburini, mwanangu wa kwanza yuko kwenye theluji na mwanamke anayevuta pampu. Nilibaki na Seif, ambaye alikuwa anatafuta mke, na wewe. Kila mtu niliyemwachia aende alikwenda kweli. Nikasema huyu haendi. Nilikupenda kama mtu anayekalia kitu. Ninayokuambia sasa ni yale niliyoyapata kwa kukosea: mtu ukimkalia humlindi na chochote, unamkunja tu, na miaka yote hiyo anajiuliza ana kasoro gani. Wewe ulijiuliza. Nilikuona ukijiuliza, nikakuongezea nyama kwenye sahani.

Jana, ulipokuwa kazini, nilimwambia Rukia atoe barua zote sandukuni, anisomee zile sehemu zilizorukwa. Tuliketi toka adhuhuri. Alizisoma bila hata kutafuta mstari. Nikamuuliza, "Wewe ulikuwa unayajua haya?"

"Nilikuwa nayajua yote."

"Na ukakaa kimya miaka kumi na tatu?"

"Uliniambia niruke, nikaruka. Mdomo uliruka, macho yalisoma bila kuniuliza."

"Ungenigombeza."

"Nilikugombeza mara mbili, ukaninunia mwezi mzima na tulikuwa tunalala chumba kimoja. Halafu biriani ulikuwa unapika wewe."

Pale darajani Vrbnice, unajua, pana sanamu ya yule mtakatifu wao mwenye nyota kichwani, aliyetoswa mtoni kwa sababu alikataa kutoa siri ya mwanamke. Nimemwambia Rukia alistahili kusimamishwa pale, na kutoswa pia. Ameandika hilo mwenyewe, anacheka.

Sasa nikuambie kilichokuwa kwenye zile sehemu, maana hutakijua kwa makopo.

Kila kijiji cha huko, hata kikiwa kidogo kama mtaa wetu, kina kitabu. Si cha dini. Ni kitabu kikubwa cha jalada gumu ambamo mtu mmoja aliyechaguliwa anaandika kila mwaka yaliyotokea: nani kazaliwa, nani kafa, mvua imeharibu nini, kengele imetoka wapi. Kimeanza zamani sana na mwandishi akifa anakabidhiwa mwingine. Anayekiandika Vrbnice ni Bozena. Alipokabidhiwa alikuta kurasa za baada ya ile vita ya pili zimekatwa kwa wembe. Miaka ile nusu ya kijiji walikuwa Wajerumani, wakatolewa wote, wakapandishwa mabehewa, sufuria zao zikabaki mekoni. Kuna mtu hakutaka zisomwe. Bozena akapita nyumba kwa nyumba, kwa namba zile zinazofuata umri, akawauliza wazee nani alikaa hapa, watoto wake waliitwaje. Wengine wakamfungia mlango. Akarudi tena. Akaandika majina yote upya, na walichoacha. Salum anasema jioni moja alimuuliza, "Na mama yako, aliacha nini nyumbani kwake?" Akaniandikia swali hilo. Nikaliruka.

Huyo ndiye mwanamke niliyemruka, Nassor. Nilimwona mwizi wa mwanangu. Kumbe yeye duniani kote ndiye mtu pekee aliyetaka kujua niliacha nini mekoni. Niliacha mbaazi za nazi, zilikuwa zimebakisha kidogo tu kuiva, na mbuzi ya nazi ya marehemu mama yangu nyuma ya mlango. Mwambie hivyo. Mwambie na samahani zangu pia, lakini za mbaazi mwambie kwanza, atajua nimesikia swali.

Na sasa hili. Kila mwaka mpya baba yako alikuwa ananitafsiria alichoandika mkewe kwenye kitabu. Rukia amenisomea yote kumi na tatu, moja baada ya moja, na nimemwambia ayaandike machache hapa kama yalivyo.

"Mwaka huu paa la kanisa limetengenezwa. Shule imepata jiko jipya. Mtoto wa Salum, Nassor, anasubiriwa, hajafika."

"Mwaka huu theluji imevunja ghala la namba nne. Kiwanda kimefanya kazi siku zote. Nassor hajafika."

"Mwaka huu Salum na Bozena wamepata binti, Hana. Kaka yake hajafika."

Ndiyo. Una dada. Ana miaka tisa. Hilo nalo lilikuwa kwenye yaliyorukwa, na ukitaka kunikasirikia kwa moja tu, chagua hilo.

Nilimwambia Rukia anyamaze hapo. Nikaenda dirishani. Pale chini wanachimba tena, wanaweka mabomba, fundi mmoja anamwambia mwenzake mafi moya, mafi moya, hakuna maji, na maji yanamtiririkia miguuni. Kisha nikarudi nikaketi, nikamwambia Rukia aendelee. Fikiri, mwanangu. Umekulia kwenye mji ambamo kila ulichokijua kilibomolewa, ukaamini hakuna mahali ulipoandikwa. Na kule, kijijini usikokujua, jina lako limo kwenye historia ya mahali, kati ya kengele na theluji, mwaka hadi mwaka. Watu ambao hawajakuona wanajua kwamba hujafika.

Sikukuambia haya uso kwa uso kwa sababu ukikunja uso unafanana na Salum, na mbele ya uso huo nimezoea kusema uongo. Seif nimemwambia leo asubuhi. Ameniambia, "Mama, wewe una moyo mgumu." Nikamwambia ndio, na ndio uliokuvusha bahari. Akachukua funguo za gari. Kisha akasema atakununulia koti zuri, ndiyo maana mmechelewa huko sokoni.

Sikuombi unisamehe ndani ya treni ya kwenda kwake. Treni ni fupi. Kasirika kadiri utakavyo, wewe si mtoto, na mimi nimekwisha kasirikiwa na watu wakubwa kuliko wewe nikapona. Ila usikasirike na yule atakayekuwa amesimama stesheni na kofia mkononi. Huyo mpe mkono wa mtu aliyeitwa. Akianza kujieleza mwambie, "Baba, halas, yatosha, bibi ameandika," umpe hii aisome. Kiswahili hakijamtoka, kila barua aliandika kwa mkono wake.

Chini ya begi lako nimeweka kopo moja la maziwa, lile lenye kutu ubavuni. Nililitia kwenye sanduku tulipohama Riyadh. Ndani mna barua zote, hazijapungua. Kopo ni lile la namba kumi na saba, lile ulilogeuza mlango. Ukifika liweke dirishani palipoandaliwa kitanda, na ugeuze utakavyo.

Kuhusu kurudi, usinipangie. Ukikaa mwezi ni sawa. Ukikaa zaidi ni sawa. Mimi nipo, Rukia yupo, na ukiandika barua nitasomewa yote, watu mbele, mahali baadaye. Nimeapa mbele ya Rukia na yeye ndiye msomaji, kwa hiyo sina pa kutorokea.

Lakini nina ombi moja kwa Bozena, na hili ulifikishe mwenyewe kwa mdomo, baba yako atafsiri, asilainishe. Mwaka huu atakapokifungua kile kitabu aandike, "Nassor amefika." Asiishie hapo. Mtu anayejaza kurasa zilizokatwa kwa wembe hawezi kuacha kurasa za miaka kumi na tatu hazina sababu. Aandike chini yake: "Aliyemchelewesha ni bibi yake, Zuwena binti Khamis, wa Unguja, akaaye Jeddah. Mtoto alikuwa tayari siku zote." Aandike jina langu lote, kwa wino.

Naisikia gari ya Seif inageuka hapa chini. Rukia, kunja.

Bibi yako anayekupenda kuliko ilivyokufaa,

Zuwena